Kinamasi kishikwe na nani? Halmashauri, mfuko wa wadhamini au kijiji

Hapa Mwanza, panda daladala ya Igombe asubuhi, kaa dirisha la kushoto, uhesabu mabango ya viwanja vinavyouzwa. Mimi niliacha kuhesabu. Palipokuwa na mafunjo na majaruba ya mpunga sasa pana bikoni za kupimia viwanja, na penye bikoni tofali hazichelewi.

Mwaka juzi nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha mazingira, watu kumi na wanne, wengi wao wavuvi na akina mama wa dagaa. Tulikaa vikao saba juu ya kinamasi kimoja cha ekari kumi na moja. Mzee mwenye sehemu kubwa ya eneo lile hakuwa mbishi hata kidogo. "Wanangu," alituambia, "mimi sitaki kumuuzia dalali. Ila nikifa watoto watauza. Niambieni nimkabidhi nani."

Majibu yalikuwa matatu na kila moja lilikuwa na watetezi waliopandisha sauti. Mheshimiwa diwani alitaka halmashauri ilichukue eneo. Kijana mmoja aliyesomea mazingira alitaka tuunde mfuko wa wadhamini uingie ubia na halmashauri, kama wafanyavyo Marekani. Mama mmoja ambaye kwao ni Magu akauliza kwa nini tusifanye kama nyumbani kwao, kijiji kikajiwekea chenyewe.

Kila mmoja alikuwa na haki kwa mahali alipokuwa anapafikiria. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunazungumzia mahali pamoja. Basi haya ni kwa yeyote anayekaa kwenye kikao cha namna hiyo, awe diwani, mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni) au familia yenye shamba linaloteremka mpaka majini.

Kwanza tuweke sawa mambo mawili

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinatupa haki ya kukaa na kutumia: kwa hati ya miaka 33, 66 au 99, au kwa hakimiliki ya kimila kule vijijini. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mfuko fulani utainunua ardhi "iwe hifadhi milele," jua ameazima maneno ya nchi nyingine. Kwetu kinachohama ni haki ya kutumia, nayo ina masharti. Nitarudi kwenye masharti hayo kwa sababu ndiyo yaliyotuchelewesha miezi mitano.

La pili ni mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi hudhani basi kazi imekwisha. Lakini Ziwa Victoria lenyewe halitulii: lilipojaa mwaka 2020, na tena 2024, maji yaliingia kwenye nyumba za watu walioapa kwamba walipima vizuri. Tena kinamasi hakijui mita 60. Mafunjo yanayochuja tope na matete wanamozalia samaki yanaweza kuingia bara mbali sana kuliko hapo. Ulinganisho huu unahusu hiyo ardhi ya nyuma ya mstari, ambayo mtu anaitumia kihalali na anastahili kulipwa akiombwa aiache.

Njia ya kuikabidhi serikali kuu nimeiacha nje makusudi. Kisiwa cha Saanane kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na unakiona ukiwa Capri Point, lakini uamuzi wa namna ile hautoki kwenye kikao cha kata.

Maswali tuliyoyatumia kupimia

Hati, au karatasi yoyote inayotambulika, itakaa kwa jina la nani? Hilo la kwanza.

La pili ni fedha, na hapa watu huchanganya mambo. Kuna hela ya kulipata eneo, ambayo hutoka mara moja, na hela ya kulitunza, ambayo hudaiwa kila mwezi. Wafadhili wanaipenda ya kwanza. Ya pili haina picha nzuri ya kupiga.

La tatu: nani atakuwapo saa nane usiku lori la mchanga likiingia?

La nne tuliliita swali la mwaka wa saba. Ifikapo mwaka wa saba uchaguzi umeshapita angalau mara moja, mkurugenzi amehamishwa, afisa ardhi ni mwingine, na yule kijana mwenye ari amepata kazi Dodoma. Je, eneo bado lipo?

Na la tano, ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kama heshima ingekuwa ndiyo kipimo: mwenye shamba anaondoka na nini mkononi?

Halmashauri peke yake

Hii ndiyo njia inayoeleweka haraka. Eneo linachorwa kwenye mchoro wa mipango miji kama eneo la wazi au la hifadhi, linabaki mikononi mwa halmashauri ya jiji, manispaa au wilaya, na sheria ndogo inapitishwa ya kulilinda. Mwananchi anajua mlango wa kugonga. Ikiwa ardhi tayari ni ya umma, mathalani ukingo wa mto Mirongo unaokatiza mjini au uwanja ulioachwa nyuma ya shule, sioni sababu ya kuzunguka kwingine.

Penye mtu, hesabu hubadilika. Utwaaji wa lazima unafanywa kwa mamlaka ya Rais, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na Sheria ya Ardhi inadai fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Neno "kwa wakati" ndilo huumiza. Mthamini anakuja, anahesabu miembe, anaondoka na karatasi. Bei ya viwanja inapanda, karatasi inabaki vilevile, na mwenye shamba hawezi kupanda wala kujenga kwa sababu "eneo limeshathaminiwa."

Hela zitoke wapi? Mapato ya ndani ya halmashauri za kwetu ni ushuru wa masoko na mialo, leseni, ushuru wa huduma, vibali vya ujenzi na mengine madogo. Kabla diwani hajafikiria kinamasi, asilimia kumi ya mapato hayo imeshatengwa kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Halafu kuna madarasa na zahanati, na hakuna diwani aliyerudi kwenye kiti kwa kujivunia mafunjo.

Hapa ndipo mfano wa Marekani unapoteleza. Mwaka 1967 wakazi wa mji wa Boulder walipiga kura kujitoza kodi ya mauzo ili mji wao ununue ardhi ya wazi. Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria mwaka 2000 inayoruhusu wakazi wa mji kupiga kura na kuongeza hadi asilimia tatu juu ya kodi ya majengo, fedha ziende kwenye ardhi ya wazi, majengo ya kihistoria, makazi ya watu wa kipato cha chini na viwanja vya burudani, na jimbo likaongezea sehemu yake. Kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani mtu anaponunua umeme, tangu 2021. Diwani wa Nyamagana hawezi kuitisha kura ya namna ile hata akitaka. Mfuko wa halmashauri, kwa maana hiyo, utakuwa mdogo daima, na mpango wowote unaoanza na maneno "halmashauri itenge" uutazame mara mbili.

Ulinzi wake ni mgambo na afisa mazingira, wenye mamlaka halisi ya kukamata na kutoza faini. Mamlaka hayo yana uzito mkubwa kuliko wanaharakati tunavyopenda kukiri. Kinachopungua ni mafuta ya gari na watu wa kutosha.

Kwenye swali la mwaka wa saba njia hii ina kovu. Mchoro unaweza kubadilishwa matumizi kwa taratibu zilezile zilizouweka. Mimi mwenyewe nimeshuhudia kibao cha "eneo la hifadhi" kikisimikwa na watumishi wa ofisi moja, kwa picha na hotuba, na misimu mitatu baadaye nikakuta mahindi yamekizunguka na mtu amekifungia mbuzi. Hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi. Waliokisimika walishahama, waliolima hawakuambiwa.

Inawafaa walio mjini, wenye eneo dogo ambalo tayari ni la umma au lenye mmiliki mmoja tu, na halmashauri ambayo kweli ina fungu kwenye bajeti ya mwaka huu.

Halmashauri na mfuko wa wadhamini

Hii ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, basi nitakaa hapa kidogo.

Mfuko wa wadhamini wa ardhi ni chombo cha hiari kinachopokea michango, kinachozungumza na wenye ardhi, na kinachoshika ardhi au mikataba ya kuitunza kwa faida ya umma. Marekani una historia ndefu. Ule wa Massachusetts ulianza mwaka 1891. Ubia wake na serikali za mitaa una mantiki nyepesi. Halmashauri ina mamlaka lakini ni nzito kutembea. Mfuko hauna mamlaka lakini una miguu: mwenye shamba akisema anauza mwezi huu, mfuko unaweza kukaa naye mezani mwezi huu. Halmashauri inachangia sehemu, mfuko unatafuta iliyobaki, na kila upande unatumia fungu la mwenzake kama hoja ya kuombea fedha kwingine.

Mfano unaotugusa sisi watu wa ziwa ni wa maji. Mwaka 1997 jiji la New York lilikubaliana na jimbo na miji ya milimani yanakotoka maji yake: jiji lilipie ardhi ya wanaokubali kuuza kwa hiari, na wakulima wanaobaki walipwe kutunza mashamba yao kwa mikataba, mingi ikipitia chombo cha wakulima wenyewe. Hesabu yao ilikuwa kwamba kulinda mlima ni nafuu kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja maji. Karibu zaidi na sisi, Nairobi ulianzishwa mwaka 2015 mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambamo kampuni ya maji ya jiji, wazalishaji wa umeme na viwanda vya vinywaji wanachangia ili wakulima wa huko juu wachimbe matuta na mabwawa. Mfuko ule haukununua mashamba. Unalipia matunzo.

Hapa Mwanza tunakunywa ziwa. Chanzo cha maji ya jiji kipo Capri Point, na sasa kingine Butimba, na kila tope linaloletwa na mvua linaishia kwenye gharama ya kusafisha. Mamlaka ya maji, viwanda vya samaki na hoteli za ufukweni wana sababu ya kibiashara ya kulipia mafunjo yabaki. Bado sijaona mtu akiwaketisha pamoja na kuwawekea hesabu mezani, na hiyo ndiyo kazi ambayo mfuko ungeifanya vizuri kuliko diwani.

Kisheria chombo chenyewe kinawezekana. Sheria ya Uandikishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, inaruhusu bodi ya wadhamini kuandikishwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na ikishaandikishwa inakuwa mtu wa kisheria anayeweza kushika hati. Tunao mfano wa nyumbani: Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001, unaoendeshwa na wadhamini na kutumia faida ya mtaji uliowekezwa. Wao wanafadhili uhifadhi, hawakusanyi hati za mashamba, lakini wametuonyesha kwamba hela ya kila mwaka inaweza kupatikana bila kubisha hodi kwa mfadhili kila Januari.

Sasa yale masharti niliyoahidi. Hati ya mjini hudai uendeleze eneo. Kutoliendeleza au kulitelekeza ni miongoni mwa sababu za kufutiwa. Fikiria basi: mfuko unanunua kinamasi ili kisiguswe, halafu kwa macho ya afisa ardhi ni kiwanja pori ambacho mwenyewe amekiacha. Hatua ya kwanza, kabla ya senti yoyote kutoka, ni halmashauri kubadilisha matumizi kwenye mchoro yasomeke hifadhi, ili "kutokujenga" kuwe ndiko kutimiza masharti. Sisi tulianza na hela tukamalizia na mchoro. Usirudie. Uliza pia mapema kodi ya pango la ardhi itakuwaje, maana inakuja kila mwaka hata kama mazao yako ni vyura.

Swali jingine ambalo hakuna aliyependa kuliuliza: mfuko ukifa, hati inakwenda wapi? Lazima iandikwe kwenye katiba yake, kwa jina la chombo kitakachopokea, na halmashauri isaini kwamba imekubali. Bila hivyo mwaka wa saba ni bahati nasibu. Ikiandikwa vizuri, njia hii inavuka uchaguzi kuliko zote za mjini, kwa kuwa kuibomoa kunahitaji pande mbili zikubaliane kubomoa.

Ulinzi ndio udhaifu wake. Mfuko hauna mgambo, hautozi faini. Mlinzi wake ni raia mwenye tochi na simu. Utategemea sheria ndogo ya halmashauri na macho ya BMU, basi walipe na uwaheshimu hao kwanza kabla ya kuchapa fulana.

Kwa mwenye shamba, njia hii ndiyo yenye machaguo mengi: kuuza yote, kuuza sehemu ya chini akabaki na ya juu, kupewa shamba mbadala, au kubaki na hati na kusaini mkataba wa kutunza. Bei inajadiliwa, haisomwi kutoka kwenye karatasi. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni madalali. Siku wakisikia kuna mfuko unanunua ardhi ya mwambao, kila ekari jirani itapanda bei na kila mjukuu atakumbuka kwamba babu alimgawia.

Na gharama za kuuendesha si ndogo: mwanasheria, mkaguzi wa hesabu, mtu wa ofisini, nauli za wadhamini. Kuunda mfuko mzima kwa ajili ya ekari kumi na moja ni kukodi lori kubeba debe moja la dagaa. Ukiwa na vinamasi kumi kutoka Igombe hadi Kayenze na kwingineko, hapo lori limepata mzigo. Kipimo changu cha wadhamini, kwa mnaotaka kukitumia: wangapi kati yao wanaweza kufika kwenye eneo kwa miguu? Kama hakuna hata mmoja, hicho ni klabu.

Kijiji chenyewe

Yule mama wa Magu alikuwa na hoja nzito kuliko sisi watu wa mjini tulivyodhani. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikibana, na lilikuwapo kabla ya mradi wowote. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulijengwa juu ya desturi hiyo, na ngitili zilizorudishwa zikahesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Watu walizilinda kwa sababu ng'ombe wa kulimia walihitaji nyasi mwezi wa Oktoba. Aliyevunja mpaka alikutana na sungusungu, walinzi wa jadi, akafikishwa kwenye dagashida, baraza la jadi, na aibu yake ilikuwa ghali kuliko faini.

Kisheria njia ni hii: kijiji kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, sheria ndogo zinapelekwa baraza la madiwani, na penye miti kijiji kinaweza kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji kwa Sheria ya Misitu ya 2002, mapato yake yakabaki kijijini. Hakuna kununua. Karatasi ni cheti cha ardhi ya kijiji chenyewe.

Hela inayohitajika mwanzoni ni ya kupima, vikao na kuchora ramani, na mara nyingi ndiyo inayokwamisha. Hapo mfuko au halmashauri wanaweza kusaidia bila kushika hati ya mtu. Baada ya hapo gharama ni ndogo. Vibali vya kukata matete, mizinga ya nyuki na faini haviwezi kumtajirisha mtu, ila vinatosha kuwalipa walinzi posho. Ulinzi wa saa nane usiku hapa hauna mpinzani, kwa kuwa lori haliwezi kupita kijijini bila mbwa wa mtu kubweka.

Mwenye shamba hapati donge la fedha. Anapata haki ya kuendelea kutumia kwa utaratibu: kuvuna matete kwa zamu, kuchunga kiangazi, kunywesha ng'ombe. Kwa aliyezoea maisha ya kijiji hiyo ni mali. Kwa kijana anayetaka mtaji wa bodaboda ni hadithi za wazee, na msimlaumu.

Mwaka wa saba una hatari mbili. Ya kwanza ni viongozi wachache kuuza kimyakimya. Dawa yake ni mkutano mkuu unaofanyika kweli na muhtasari unaosomwa kwa sauti. Ya pili inakuja na maendeleo yenyewe. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, mamlaka juu ya ardhi yanahamia kwingine, na mtaa unaorithi kijiji hauna uwezo wa kugawa wala kuhifadhi ardhi. Walio karibu na barabara ya daraja jipya la Kigongo–Busisi wanaelewa ninachosema.

Kuna jambo moja linalosahaulika kila mara. Vijiji vya mwaloni vimejaa wageni, wavuvi na wanawake wa dagaa waliotoka Mara, Kagera na Kigoma, ambao hawana shamba na hawaiti mahali pale nyumbani, lakini wanaanika, wanakata kuni na wanachota maji palepale. Wasipokuwa kikaoni, sheria ndogo itavunjwa na watu ambao hata hawakuisikia.

Mkataba wa kutunza, bila hati kuhama

Kati ya njia hizi upo uchochoro unaoweza kuunganishwa na yoyote. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji cha Terrat, Simanjiro, zikawa zinakilipa kila mwaka ili mbuga zake zisilimwe, mifugo ikiendelea kuchungwa na wanyamapori kupita. Hati haikuhama. Kenya sheria yao ya mazingira ya 1999 inaruhusu hata mahakama kuweka sharti la namna hiyo juu ya ardhi ya mtu. Ubaya wake uko wazi: malipo yakikoma, sababu ya kuvumilia inakoma. Uzuri wake ni kwamba mnaweza kuanza msimu huu na kujuana kabla ya kuoana.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Uko ndani ya Ilemela au Nyamagana na eneo ni la umma tayari: nendeni halmashauri, mdai liingie kwenye mchoro na mpewe nakala. Mfuko hamuuhitaji. Mnahitaji muhtasari wenye mhuri na kikundi kitakachopita pale kila Jumamosi.

Uko mjini, ardhi ni ya watu binafsi, viwanja vinauzwa kila wiki: hapo ubia na mfuko una maana, mradi maeneo ni kadhaa na mmepata angalau mchangiaji mmoja wa kila mwaka mwenye sababu yake mwenyewe ya kulipa. Mchoro kwanza, katiba ya mfuko pili, hela tatu.

Uko kijijini, Sengerema au Ukerewe, na watu bado wanaishi kwa eneo hilo: fanyeni mpango wa matumizi ya ardhi. Akija mfadhili anayetaka kununua, mwombeni alipie upimaji. Akisisitiza anunue, mwulizeni kwa nini, tena mbele ya mkutano mkuu. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa saini ya mwenyekiti peke yake, na ikizidi hekta 250 hata kijiji kizima hakina kauli ya mwisho.

Kijiji chenu kinakaribia kuwa mji: msisubiri. Tangazeni hifadhi sasa mkiwa bado na mamlaka, na mwiombe halmashauri iahidi kwa maandishi kwamba mchoro wa mji utakaokuja utauheshimu mpaka huo.

Wewe ni diwani mwenye fungu dogo: usilimalize kununua ekari mbili za picha. Liweke kama mchango wa kila mwaka wa matunzo, hata kama ni posho ya walinzi wawili, na utumie barua ya mchango huo kuwaita wengine.

Na ukiwa ndiwe mwenye shamba, kama mzee wetu, usisaini chochote kabla watoto hawajakaa. Kinamasi chetu kilikuwa mjini, kwa hiyo njia ya mama wa Magu ilifungwa na sheria, na ekari zenyewe zilikuwa chache mno kwa mfuko. Tumeomba mchoro ubadilishwe, maombi yako mezani mipango miji. Hati imebaki kwa jina la mzee. Mkataba wa kutunza ameusaini yeye pamoja na watoto wake wanne, na watu wa mwaloni wanamlipa kidogo kila msimu kutoka kwenye ada ya kuanikia dagaa. Binti yake wa mwisho aligoma vikao viwili, akasaini cha tatu, baada ya kuongezwa kifungu kwamba matete ya upande wa kaskazini ni yake kuvuna.